Namba yenye H na namba isiyo na alama: jinsi ya kusoma damu ya mgonjwa aliyezibuliwa mshipa wa moyo

Tuanze na karatasi ya majibu. Tuseme ni ya mwalimu mstaafu wa Morogoro, miaka 64, mwenye kisukari. Kwa miezi kadhaa kifua kilikuwa kinambana kila akipanda ngazi, na akipumzika kinaachia. Amepelekwa Dar es Salaam, na Jumatatu saa nne asubuhi akapitishiwa mrija mwembamba kwenye kifundo cha mkono wa kulia mpaka kwenye moyo, mshipa uliobanwa ukatanuliwa na akawekewa stenti moja. Leo Jumatano amekaa kitandani, anakunywa chai na kumuuliza muuguzi ataruhusiwa lini.

Karatasi ina safu tatu, moja kwa kila siku. Mstari wa troponini, kipimo cha moyo, unasomeka 9, kisha 96, kisha 61, na hizo mbili za mwisho zina herufi H pembeni, yaani ziko juu ya kiwango. Mwanawe ameipiga picha na kuituma kwenye kundi la familia la WhatsApp. Shangazi anajibu kutoka Tanga: "Jamani, imepanda mara kumi! Si ndiyo moyo umekufa huo?" Chini kidogo kuna mstari wa kreatinini, kipimo cha figo: 72, 80, 101. Hauna H hata moja, kwa hiyo hakuna anayeutazama.

Huyu mwalimu ni wa mfano tu, lakini karatasi za namna hii zipo kila siku, na hofu ya shangazi ni ya kweli kabisa. Ningekuwa kwenye kundi hilo ningeandika hivi: iacheni troponini, muulizeni daktari kuhusu kreatinini. Sababu yake ndiyo nataka kuieleza hapa kwa kirefu, maana wagonjwa wengi na ndugu zao wanapewa majibu mkononi bila mtu wa kuwakalisha chini na kuwaeleza. Herufi H hutoka kwa mashine, na mashine inalinganisha namba yako na za watu wenye afya. Haijui kama jana ulikuwa na puto ndani ya mshipa wa moyo.

Kwanza, kinachofanyika ndani. Mishipa inayoulisha moyo wenyewe, ile tunayoiita ya koronari, ni myembamba. Mingi upana wake ni milimita tatu hadi nne tu. Mafuta, seli za kinga na chokaa vikijikusanya kwenye ukuta wake, njia inabanwa. Tarehe 16 Septemba 1977, jijini Zürich, daktari Andreas Grüntzig alipitisha puto dogo ndani ya mshipa wa namna hiyo kwa mgonjwa aliyekuwa macho, akalijaza, akalitoa, na njia ikawa imefunguka. Hiyo ndiyo mara ya kwanza katika historia. Mwaka 1986, huko Ufaransa na Uswisi, zikaanza kuwekwa stenti, zile nyavu ndogo za chuma zinazobaki ndani ili mshipa usijifunge tena. Siku hizi kazi hiyo hufanyika pia kwetu, kwa mfano katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili na Uganda Heart Institute pale Mulago, kwenye chumba cha mtambo ambao wengi wanaujua kwa jina la Cathlab.

Sasa fikiria puto linapojazwa. Kwa sekunde kadhaa, pengine nusu dakika, damu haipiti kabisa. Uchafu wa ukutani unapondwa, na vipande vyake vidogo mno vinaweza kusafiri na mkondo hadi kwenye vijishipa vya mwisho. Pengine stenti inapita juu ya mdomo wa tawi dogo na kulibana. Katika hali zote hizi seli chache za msuli wa moyo zinaweza kuumia, na seli ya moyo ikiumia inavuja. Inachovuja ndicho tunachokipima.

Troponini ni protini inayoshiriki katika kukaza na kulegeza msuli. Iligunduliwa na Mjapani Setsuro Ebashi katika miaka ya 1960, wakati huo bila mtu kufikiri kwamba siku moja itakuwa kipimo cha hospitali. Kabla yake madaktari walitumia vimeng'enya vingine. Cha kwanza kabisa, mwaka 1954, kilikuwa AST, ambacho leo watu wanakijua zaidi kama kipimo cha ini. Na hapo ndipo palipokuwa na tatizo, kwani kinatoka kwenye ini na kwenye misuli ya mwili pia. Baadaye ikaja CK-MB, iliyo karibu zaidi na moyo, ingawa nayo si ya moyo peke yake. Troponini T na troponini I zinazopimwa leo ni za moyo, na vipimo vipya vina uwezo wa kuona kiasi kidogo sana. Kwa kipimo kimoja cha troponini T kinachotumika sana, kikomo cha juu ni nanogramu 14 kwa lita, maana yake katika kila watu 100 wenye afya, 99 wako chini ya hapo. Nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Kwa kipimo chenye jicho kali kiasi hicho, hata wakimbiaji wa marathoni hukutwa na troponini iliyopanda wakishavuka mstari wa mwisho, na baada ya siku chache inashuka.

Kwa hiyo troponini iliyopanda inasema jambo moja tu: seli za moyo zimeumia. Haisemi kwa nini, na peke yake haitoshi kuitwa shambulio la moyo. Figo zilizochoka kwa muda mrefu huipandisha. Maambukizi makali ya damu huipandisha. Na kuzibuliwa mshipa huipandisha kwa wagonjwa wengi mno, wengi wao wakiwa hawahisi chochote.

Ndiyo maana mwaka 2018 vyama vikubwa vya madaktari wa moyo duniani, katika toleo la nne la maana ya pamoja ya shambulio la moyo, viliweka masharti. Kwa mtu ambaye troponini yake ilikuwa ya kawaida kabla ya kuzibuliwa, haitoshi kwamba imepanda. Lazima ivuke mara tano ya kikomo ndani ya saa 48, na juu ya hapo kuwe na ushahidi mwingine kwamba moyo umekosa damu: mabadiliko mapya kwenye kipimo cha umeme wa moyo, au picha inayoonesha sehemu ya moyo iliyoacha kucheza, au tatizo lililoonekana pale pale chumbani, kama tawi kuziba au mshipa kuchanika. Ikivuka bila ushahidi huo, ni jeraha la msuli wa moyo, na madaktari hulitofautisha na shambulio.

Mrudie mwalimu wetu. Mara tano ya 14 ni 70. Yeye alifika 96. Kwa hesabu tupu amevuka. Lakini hana maumivu, kipimo cha umeme hakijabadilika, na picha ya mwisho chumbani ilionesha damu inapita vizuri hadi ncha ya mshipa. Na siku ya tatu namba imeshuka hadi 61. Hilo la kushuka ni kubwa kuliko H mbili zote. Shangazi alilinganisha 96 na 9, akashtuka. Sharti linasema tulinganishe na kikomo, kisha tumtazame mtu mwenyewe.

Hali ni tofauti kwa anayefika hospitali shambulio likiwa tayari linaendelea. Huyo troponini yake imeshaanza kupanda kabla hajaguswa, itafika kileleni pengine saa 12 hadi 24 baadaye, na itabaki juu kwa wiki nzima au hata mbili. Ukimzibua katikati ya mlima huo, utajuaje sehemu ipi ni ya ugonjwa na ipi ni ya puto? Hapo namba moja haina maana yoyote. Zinatakiwa namba mbili tatu za saa tofauti, na saa hizo ziandikwe. Karatasi yenye troponini bila saa damu ilipochukuliwa ni kama barua isiyo na tarehe.

Angalizo dogo kwa wanaohama hospitali: troponini T na troponini I haziwezi kulinganishwa, na hata troponini I za kampuni mbili haziwezi. Maabara moja huandika 0.014, nyingine 14, na zote zimesema kitu kile kile, moja kwa nanogramu kwa mililita, nyingine kwa lita. Nina hakika wapo watu walioshindwa kulala kwa sababu ya nukta ya desimali.

Usifikiri ubishi kuhusu namba hizi ni wa ndugu wa mgonjwa tu. Mwaka 2019 uliwagawa mabingwa wenyewe. Utafiti ulioitwa EXCEL ulichukua wagonjwa 1,905 waliobanwa kwenye shina kuu la mshipa wa kushoto, wengine wakawekewa stenti, wengine wakafanyiwa upasuaji wa kuchepusha damu. Swali lilikuwa nani atapata kifo, kiharusi au shambulio la moyo zaidi. Sasa, nani anahesabiwa kuwa amepata shambulio siku ile ile ya matibabu? Watafiti walitumia zaidi CK-MB, na waliweka kiwango kile kile cha juu kwa makundi yote mawili. Kwa masikio ya kawaida hiyo ni haki. Lakini daktari mpasuaji anakifungua kifua, mara nyingi anausimamisha moyo, na anashona mishipa juu yake. Kwa asili ya kazi yake vimeng'enya vitapanda zaidi. Maana ya pamoja ya kimataifa ilikuwa inaweka kiwango cha upasuaji juu ya kile cha stenti kwa sababu hiyo hiyo.

Majibu ya miaka mitano yalipotoka, hitimisho likawa kwamba kwa jumla ya madhara hayo matatu hapakuwa na tofauti ya uhakika: asilimia 22.0 kwa stenti, 19.2 kwa upasuaji. Waliofariki kwa sababu yoyote walikuwa asilimia 13.0 upande wa stenti na 9.9 upande wa upasuaji. Profesa David Taggart wa Oxford, mpasuaji aliyekuwa ndani ya utafiti, aliondoa jina lake kwenye chapisho. Desemba 2019 BBC ikalitangaza suala hilo, na chama cha wapasuaji wa moyo cha Ulaya kikajiondoa kwenye sehemu ya mwongozo iliyohusu shina la kushoto. Watafiti wa EXCEL walitetea kipimo chao kwamba kinahesabu majeraha makubwa tu, yale yanayofupisha maisha. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na hoja, ila naona pia kwamba mgonjwa wa kawaida hakuwahi kuambiwa jambo la msingi: neno "shambulio la moyo" katika ripoti ya utafiti linaweza kumaanisha mtu aliyeanguka sokoni akishika kifua, na linaweza kumaanisha namba iliyovuka mstari kwa mtu anayekunywa chai kitandani.

Jambo hilo hilo lilijitokeza kwenye utafiti mwingine mkubwa wa miaka hiyo, ISCHEMIA, wenye wagonjwa 5,179 ambao mishipa yao ilibanwa lakini hali imetulia. Waliopelekwa mapema kwenye kuzibuliwa au kupasuliwa walipata zaidi mashambulio yanayotokana na matibabu yenyewe kuliko walioanza na dawa tu, na wakapata pungufu yale yanayokuja yenyewe baadaye. Ukibadilisha kikomo cha troponini, mizani inasogea. Madaktari wengi wanaona shambulio linalokuja lenyewe nyumbani ni baya zaidi kuliko lile dogo la Cathlab, na ushahidi mwingi unawaunga mkono. Lakini ukubwa nao una maana. Troponini iliyopanda kidogo baada ya stenti haibashiri mengi. Iliyopanda mara makumi kadhaa ya kikomo ni habari nyingine, na chama cha Marekani cha wataalamu wa kuzibua mishipa kiliwahi kuweka mara 70 kuwa ndiyo alama ya kuhofia kweli.

Tuje kwenye mstari ambao familia iliuruka.

Ili mshipa uonekane kwenye picha, daktari anaingiza dawa ya rangi yenye madini joto, yaani iodini. Dawa hiyo inatolewa na figo, na figo nyingine zinaumizwa nayo, hasa za mwenye kisukari, mzee, aliyeishiwa maji mwilini, au aliyekuwa na figo dhaifu tangu mwanzo. Kreatinini ni taka ya misuli ambayo figo nzima huitupa nje. Ikianza kujikusanya kwenye damu, figo zimepunguza kasi. Kwa mwanaume, maabara nyingi huchukulia mikromoli 60 na kitu hadi 106 hivi kwa lita kuwa kawaida. Mwalimu wetu ana 101. Hakuna H.

Ila yeye alianza na 72. Amepanda kwa 29. Kwa vigezo vinavyotumika duniani, kupanda kwa 26.5 ndani ya saa 48 kunatosha kuitwa jeraha la ghafla la figo, na kigezo cha zamani cha madhara ya dawa ya rangi kilikuwa kupanda kwa asilimia 25 au zaidi. Yeye amepanda kwa asilimia 40. Mashine haikuona, kwa sababu inalinganisha na watu, haimlinganishi na yeye wa Jumatatu. Na kuna ugumu mwingine: kreatinini inachelewa. Jumanne ilikuwa 80 tu. Mwenye haraka ya kurudi nyumbani, akiruhusiwa Jumanne bila kuambiwa arudi kupima, jeraha hilo lisingejulikana kabisa. Wagonjwa wengi wa stenti za kupanga huruhusiwa siku inayofuata, na kurudi kupima kreatinini baada ya siku mbili tatu ni safari ya basi ambayo wengi hawaoni sababu yake kama hawakuelezwa.

Kwa mtu mwenye kisukari anayetumia metformini, jambo hili lina uzito wa ziada. Figo zikizorota, dawa hiyo inajikusanya na inaweza kusababisha asidi ya laktiki kuzidi mwilini, hali ya hatari ingawa si ya kawaida. Ndiyo maana kwa wenye figo dhaifu au waliopanda kreatinini husimamishwa kwa saa 48 baada ya dawa ya rangi, na hurudishwa figo zikithibitishwa. Halafu kuna ile diklofenaki ya magoti iliyo kwenye mkoba wa karibu kila mzee, inayonunuliwa dukani bila cheti. Hiyo na dawa ya rangi kwa pamoja ni mzigo mara mbili kwa figo zile zile, na daktari hawezi kuijua usipoitaja. Vivyo hivyo dawa za mitishamba. Zitajeni zote, jamani, bila aibu, hakuna anayewahukumu.

Neno juu ya hesabu ya uwezo wa figo, ile inayotoka chini ya kreatinini. Kwa miaka mingi fomula za Marekani zilikuwa na kigezo cha rangi: ukiwa mweusi, jibu linaongezwa. Tafiti zilizofanyika Afrika zilionesha kwamba nyongeza hiyo inawafanya watu wetu waonekane na figo nzuri kuliko walizonazo. Mwaka 2021 fomula mpya ikaiondoa. Mwenye karatasi ya zamani anayeilinganisha na ya sasa akumbuke hilo.

Himoglobini na chembe sahani ni mistari mingine isiyosomwa. Wakati wa kuzibua, mgonjwa hupewa heparini ili damu isigande juu ya waya, na humo chumbani kasi ya kuganda hupimwa kwa sekunde, lengo mara nyingi likiwa kati ya 250 na 350. Juu yake kuna aspirini na klopidogreli au tikagrelo, zinazozuia chembe sahani zisishikamane na kugandisha damu. Ukiiyeyusha damu kiasi hicho, tundu lolote linaweza kuvuja. Kwenye kifundo cha mkono unaliona. Likiwa kwenye kinena, damu inaweza kupanda nyuma ya tumbo kimya kimya, na dalili zikawa maumivu ya mgongo, presha kushuka na himoglobini kudondoka. Kushuka kwa gramu 3 au zaidi kwa desilita kunahesabiwa kuwa damu nyingi imepotea. Kwa mtu aliyeanza na 10 kwa sababu ya upungufu wa muda mrefu, hana pa kushukia. Ndiyo maana hupimwa kabla.

Na kuna hatari ambayo hakuna mstari wowote wa karatasi utakaokuonesha: damu kuganda ndani ya stenti kwa sababu mtu ameacha dawa zake mbili, aspirini na mwenzake. Damu itaonekana nzuri, troponini chini, kila kitu kizuri, mpaka asubuhi ile. Zipo jeni zinazofanya ini la baadhi ya watu lisiweze kuiamsha klopidogreli vizuri, na omeprazo, ile dawa ya vidonda vya tumbo, inapunguza nguvu yake. Kwa hiyo anayeitumia amwambie daktari, kwani zipo nyingine za tumbo zisizo na ugomvi huo. Daktari wa meno akikwambia acha dawa wiki moja, mpigie kwanza daktari wa moyo.

Sasa CRP, ambayo ndiyo inayozungumzwa sana na watafiti. Iligunduliwa mwaka 1930 kwenye damu ya wagonjwa wa kichomi. Ini huitengeneza mwili unapokuwa katika inflamesheni, yaani unapowaka ndani kwa kupambana na kitu. Tangu miaka ya 1990 ilianza kueleweka kwamba ugonjwa wa mishipa si mafuta tu kujibandika kama ukoko kwenye sufuria. Ukuta wa mshipa wenyewe unawaka. Kwa kipimo chenye jicho kali, chini ya miligramu 1 kwa lita ni hatari ndogo, juu ya 3 ni hatari kubwa. Wenye CRP ya juu kabla ya kuzibuliwa hupata matatizo zaidi baadaye. Uthibitisho kwamba moto huo ni chanzo, wala si moshi tu, ulitoka mwaka 2017 kwenye utafiti wa CANTOS: watu 10,061 waliowahi kupata shambulio na wenye CRP ya 2 au zaidi. Dawa ya sindano iliyozima inflamesheni bila kugusa lehemu ilipunguza madhara ya moyo kwa asilimia 15 katika dozi ya miligramu 150. Ikaleta pia ongezeko dogo la vifo vya maambukizi, na bei yake haikuwa ya mtu wa kawaida.

Kolchisini, dawa ya zamani ya jongo na ya bei nafuu, ilileta matumaini makubwa: mwaka 2019 na 2020 tafiti mbili zilionesha kupungua kwa madhara kwa asilimia 23 na 31. Kisha mwaka 2024 utafiti mkubwa kuliko hizo mbili, wa watu 7,062 waliozibuliwa baada ya shambulio, haukuona faida. CRP ilishuka, lakini mashambulio hayakushuka. Hilo linapaswa kutufundisha adabu mbele ya kiashiria: kukishusha si lazima kuwe kumemponya mtu.

Kwetu kuna jambo jingine. Malaria huipandisha CRP hadi makumi na mamia. Jino bovu, kidonda cha mguu cha mwenye kisukari, kifua kikuu, yote yanaipandisha. Daktari wa Helsinki akiona 12 anafikiri moyo. Wa Mwanza lazima kwanza aulize kuhusu homa, na apime tena baada ya wiki mbili mgonjwa akiwa mzima. Uwiano wa chembe nyeupe, neutrofili kwa limfosaiti, nao unaandikwa sana siku hizi kwa sababu ni rahisi, unatoka kwenye kipimo cha kawaida cha picha ya damu. Lakini watu wengi wa Afrika kusini ya Sahara wana jeni iliyotukinga na aina moja ya malaria, na ambayo inawafanya wawe na neutrofili chache katika hali ya uzima kabisa. Kikomo kilichokatwa kwa damu ya Ulaya au China hakitutoshi. Kukosekana kwa tafiti zenye damu yetu si jambo dogo, na linaniuma.

Hata HbA1c, kipimo cha sukari ya miezi mitatu, kina mtego huo huo. Kinasoma sukari iliyoshikamana na himoglobini, na chembe nyekundu zinazokufa mapema hazipati muda wa kukusanya sukari. Mwenye selimundu anaweza kupata jibu zuri la uongo, na kwa baadhi ya mashine hata mwenye kubeba vinasaba tu. Kwa mtu huyo, mzibuaji mishipa anayetaka kujua hali halisi ya sukari arudi kwenye kipimo cha kidole, asubuhi na baada ya kula.

BNP nitaitaja kwa ufupi: iligunduliwa mwaka 1988 kwenye ubongo wa nguruwe, ikapewa jina la ubongo, kisha ikaonekana inatoka zaidi kwenye moyo unaovutika kwa kuzidiwa na mzigo. Ikiwa juu kabla ya kuzibuliwa, moyo umeshachoka, na daktari ataandaa kitanda na dawa kwa kuzingatia hilo. Lehemu mbaya, LDL, ndiyo namba ya miaka ijayo. Mwongozo wa Ulaya wa 2019 unataka iwe chini ya milimoli 1.4 kwa lita kwa aliyekwisha kuwekewa stenti, kiwango cha chini kuliko wengi wanavyodhani, na karibu hakuna anayekifikia kwa kuacha nyama peke yake. Statini, dawa ya kushusha lehemu, ni ya kila siku. Usiipime wiki ya kwanza baada ya shambulio ukadhani umepona, kwani hushuka yenyewe kwa siku hizo. Na mara moja katika maisha pima lipoprotini(a), chembe ya kurithi inayobeba lehemu, ambayo kwa wastani iko juu zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, na ambayo chakula hakiibadilishi.

Jumatano hiyo mchana, mwana wa mwalimu alimfuata daktari korido na kumuuliza kuhusu kreatinini. Daktari alirudi kitandani, akasogeza kikombe cha chai, akauliza kuhusu dawa za magoti. Zilikuwepo, kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba, karatasi ya vidonge kumi imebaki na vitatu. Zikaondolewa. Metformini ikasimamishwa, maji ya dripu yakaongezwa, mkojo ukaanza kupimwa kwa jagi. Alhamisi 104. Ijumaa 95. Akaruhusiwa Jumamosi kwa sharti la kupima tena Morogoro, na Jumatano iliyofuata mwanawe alituma picha nyingine kwenye kundi: 78. Safari hii aliizungushia kalamu nyekundu yeye mwenyewe, na chini yake akaandika namba ya Jumatatu ile ya kwanza, 72, ili shangazi aone pa kulinganishia.